Frantz Fanon: Daktari Aliyekataa Sayansi ya Kudharau Mwafrika

Unaijua Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili pale Thika Road. Enzi za mkoloni mkubwa wake alikuwa mzungu anaitwa J.C. Carothers. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake. Alidai Mwafrika hatumii sana sehemu ya mbele ya ubongo, eti ni kama mzungu aliyekatwa hiyo sehemu kwa upasuaji. Mwaka uliofuata akaandikia serikali ripoti kuhusu Mau Mau, shida ikaonekana iko kwa vichwa vya watu. Na mashamba waliyonyang'anywa je?

Hizo hazikuwa stori za baa, msee. Ziliitwa sayansi.

Sasa cheki aliyezikataa. Frantz Fanon alizaliwa 1925 huko Martinique, kisiwa cha Karibi kilichokuwa chini ya Ufaransa. Akiwa bado kijana alipigania Ufaransa kwenye Vita vya Pili vya Dunia, akajeruhiwa, akapewa medali. Alipoenda Lyon kusomea udaktari, akajionea medali haibadilishi vile mtu mweusi anaangaliwa. Akaandika hayo yote kama tasnifu, ikakataliwa. Akaandika ingine apate digrii, ile ya kwanza akaitoa kama kitabu 1952.

Mwaka wa 1953 akaanza kazi Algeria, hospitali ya Blida-Joinville. Huko madaktari wafuasi wa Antoine Porot walifunza kwamba Mwalgeria ni mwongo na mhalifu wa kuzaliwa. Fanon alipata wagonjwa wamefungwa, akawafungua. Halafu akajaribu tiba za Ulaya kwa wanaume Waislamu, zikabuma. Daktari mwingine angesema hawa vichwa ngumu. Fanon akasema tiba ndiyo haiwafai. Akaweka mkahawa, uwanja wa mpira na sikukuu zao. Watu wakaanza kuchangamka.

Lakini nje vita vya uhuru vilikuwa vimewaka, na aliona ukoloni wenyewe unawagonjesha watu. 1956 akaacha kazi, 1957 akatimuliwa nchini, akaenda Tunisia kusaidia wapigania uhuru. Kwenye kitabu chake cha mwisho, 1961, aliwajibu Porot na Carothers kwa majina. Desemba hiyo hiyo saratani ya damu ikamuua akiwa Marekani, miaka 36 tu. Leo hospitali ya Blida ina jina lake.

Kwa hivyo ukisoma utafiti unaosema watu fulani wamezaliwa hivyo, uliza kwanza: nani alipima, na nani alikuwa anamlipa?