Edward Steere: Wakili Aliyewachapia Hadithi Watoto wa Watumwa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Lodwar

  Mwaka huu nimeonelea niwaletee maisha ya mtu ambaye jina lake hatulisikii sana darasani, ilhali kazi ya mikono yake tunaitumia kila uchao. Huyu si mwingine bali ni Askofu Edward Steere wa Zanzibar.

Huenda mkajiuliza, Steere ana uhusiano gani na sisi watu wa Turkana, ambako hata bahari hatujaiona? Subirini kidogo. Ukiingia katika shule ya Jumapili hapa Lodwar au kule Kakuma, hukosi kuona vile vitabu vyembamba vya picha: Nuhu na safina yake, Yona na samaki, Daudi na kombeo lake. Chini ya picha pana mistari miwili mitatu ya Kiswahili chepesi. Mtoto anaangalia picha, mkubwa anamsomea. Sasa, maneno hayo yalianzia wapi? Nani alikaa chini akatafuta namna ya kumweleza mtoto wa Afrika Mashariki hadithi ya nchi ya mbali, kwa lugha anayoielewa? Walioifanya kazi hiyo ni wengi. Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Lakini Steere ana fungu kubwa, tena fungu lake linawahusu watoto.

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alikuwa kichwa, kama tusemavyo sisi wanafunzi. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London mpaka akapata shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Mtu wa namna hiyo alikuwa na njia nyeupe mbele yake, yaani pesa, nyumba nzuri na heshima mjini. Lakini moyo wake haukutulia katika uwakili. Mwaka 1856 akaingia katika ukasisi wa Kanisa la Kianglikana, na baadaye akahudumu katika vijiji vya Lincolnshire.

Mwaka 1857 David Livingstone alikuwa amewahutubia wanafunzi wa Cambridge kuhusu Afrika na biashara ya watumwa, na kutokana na hotuba hiyo ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Safari ya kwanza ya misheni hiyo iliwatokea puani. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata kaburini. Akachaguliwa William Tozer kuwa askofu wa pili. Tozer alikuwa rafiki wa Steere, na Steere akakubali kumsindikiza. Walifika upande wa mto Zambezi mwaka 1863, wakajaribu kukaa huko, wakaona maji yamezidi unga. Mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Unguja wakati huo ilikuwa na soko kubwa la watumwa. Binadamu walipangwa mistari wakauzwa kama mbuzi wanavyouzwa sokoni kwetu, na wengi wao walikuwa watoto. Mara tu baada ya wamisheni kufika, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa shule nzima! Mmoja wao, John Swedi, baadaye alikuwa shemasi wa kanisa. Baadaye wakaja wengine, wavulana wakakaa Kiungani, na wasichana Mbweni.

Hebu fikirini hali ya watoto wale. Huyu Myao, huyu Mmakua, yule katoka upande wa Ziwa Nyasa. Hawana mama wala baba, hawajui kama watarudi kwao, na hawaelewani hata wao kwa wao. Wengine walikuwa wadogo mno hata wakaanza kuzisahau lugha za mama zao. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho wote walikuwa wakijifunza pamoja. Na mwalimu wao pia alikuwa mwanafunzi wa lugha hiyohiyo.

Steere hakukaa chumbani kusubiri kufundishwa. Aliwaendea wenyeji wa Unguja, wenye lugha yao, akawaomba wamsimulie hadithi. Waliomsimulia wengi walikuwa Waislamu na yeye alikuwa kasisi, lakini jambo hilo halikuwazuia kuketi pamoja na kucheka pamoja. Alisikiliza, akaandika, akarudi kuuliza. Hadithi hizo alizitoa kitabuni mwaka 1870. Ndimo ilimo hadithi ya Mwalimu Goso, ambaye tunda la mbuyu lilimwangukia kichwani na wanafunzi wake wakaanza kumtafuta mwenye kosa. Ndimo walimo pia sungura na simba. Mwaka huohuo akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, chenye sarufi na msamiati, ambacho wageni walikitumia kwa miaka mingi. Na kabla ya hapo, mwaka 1867, zilikuwa zimechapwa Unguja hadithi chache za Shakespeare alizozitia katika Kiswahili. Hakuchukua michezo yenyewe mizima. Alitumia hadithi fupi ambazo Charles na Mary Lamb walikuwa wamewatungia watoto wa Uingereza. Hapo mnaona fikira zake: anayemsimulia mtoto sharti aanze na kitu ambacho mtoto anaweza kukimeza.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo ilipo siri ya kazi yake. Alipoanza kuzitafsiri Injili na Zaburi, tayari masikio yake yalikuwa yamejaa hadithi za Waswahili. Alijua msimulizi anaanzaje, anapumzika wapi, anamaliziaje. Angeweza kuchukua kamusi na kubadilisha neno moja baada ya jingine, kumbe angepata Kiswahili cha kizungu, ambacho mtoto angekisikiliza huku anasinzia.

Jambo jingine ni majina. Katika vitabu vyetu vya Kiswahili tunasoma Nuhu, Ibrahimu, Yusufu, Musa, Daudi na Suleimani. Majina hayo watu wa pwani waliyajua tangu zamani kwa sababu ya Uislamu. Hivyo mtoto wa Unguja aliposikia habari za Musa hakuona kwamba analetewa mgeni asiyemjua.

Steere alijua pia kazi ya kuchapa. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na waliopanga zile herufi za risasi, moja moja, walikuwa vijana wa shule wenyewe. Jamani, hebu tulione jambo hili lilivyo. Mtoto aliyeuzwa kwa kuhesabiwa kama mzigo, sasa anashika herufi kwa vidole vyake na kupanga neno, na neno lile linasomwa na watu asiowajua. Mimi nadhani hakuna somo la uhuru kubwa kuliko hilo.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Misheni ikapata uwanja wa soko lile huko Mkunazini. Siku ya Krismasi mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Mwaka 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu, na ujenzi akausimamia yeye mwenyewe. Paa lilijengwa kwa saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, nalo ni la upinde, halina nguzo katikati. Inasimuliwa kwamba siku moja alisafiri, na aliporudi akakuta mafundi wamesimamisha nguzo fulani kichwa chini miguu juu, naye akaziacha hivyohivyo. Kanisa lilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1879. Lingali limesimama hadi leo, na madhabahu yake, kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, ipo pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa viboko.

Hakuwa mtu wa kukaa mjini tu. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu hadi nchi ya Wayao, na mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa waliotaka kurudi bara. Kundi hilo likaweka makao Masasi, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Tena hakuzidharau lugha ndogo, kwani alikusanya maneno ya Kiyao, Kimakonde na Kinyamwezi akayachapisha.

Alifariki Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Uingereza. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikamilishwa na wenzake, ikatoka mwaka 1891. Mwaka 1928, wajumbe walipokutana Mombasa kuchagua lahaja ya kusanifisha, walichagua Kiunguja, lahaja ileile aliyokuwa ameiandikia sarufi. Wapenzi wa Kimvita hawakufurahi, na hata leo wapo wanaonung'unika.

Sisemi Steere alikuwa malaika. Alikuja kutoka nchi ambayo baada ya muda mfupi iligeuka kuwa mtawala wetu, na watoto wale hawakuulizwa kama wanataka dini ile au jina lile jipya. Hilo nalo tulitie katika mizani. Lakini mti hutambulikana kwa matunda yake, na tunda moja la Steere ni hili: alisadiki kwamba mtoto aliyepoteza kila kitu anastahili hadithi nzuri, iliyosemwa vizuri, kwa lugha anayoielewa.

Na hapa ndipo anapotuhusu. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na kati ya watu wake wa mwanzo walikuwamo maelfu ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan, wengi bila wazazi. Baadaye wamekuja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengineo, na mwaka 2016 ikaongezwa Kalobeyei. Watoto wa lugha nyingi wanakutana, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha uwanjani na darasani, sawa na kule Kiungani zaidi ya miaka 150 iliyopita. Nasi watoto wa Kiturkana tunakuja shuleni na lugha ya nyumbani, tunakipokea Kiswahili huku. Tusione haya kwa lolote kati ya hayo mawili. Biblia yenyewe leo ipo hata kwa Kiturkana.

Isitoshe, hadithi zile zenyewe ziko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Daudi alichunga kondoo. Yakobo alikutana na Raheli kisimani, mifugo ikingoja maji. Musa alichunga jangwani. Mtoto wa Lodwar akionyeshwa picha ya kisima na kundi la mbuzi hahitaji maelezo marefu! Mtoto wa London ndiye anayehitaji. Kwa hiyo siku moja mchoraji wa kutoka kwetu akichora vitabu hivyo, achore mlima wenye miamba kama yetu, mkunga na ngamia, na maneno ayapime kwanza kwa kumsomea mtoto mdogo. Mtoto akiuliza kilichofuata, maneno ni mazuri. Akienda zake kucheza, mwandishi arudi mezani.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, kazi hiyo inaweza kuanza na sisi. Bibi na babu zetu wanazo hadithi nyingi na hakuna anayeziandika. Steere alikuwa mgeni, lakini aliketi akasikiliza. Sisi wenyeji tunangoja nini? Chukueni kalamu na daftari likizo hii, na muhula ujao tuletewe hadithi hizo hapa jaridani.