John Allen, fundi aliyefanya treni ndogo zitumike kama treni kubwa

Imepita zaidi ya miaka 50 tangu John Allen afariki, lakini wapenzi wa reli ndogo wangali wanamkumbuka. Mmarekani huyu alizaliwa mwaka wa 1913 katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Alikuwa mpiga picha kwa kazi yake. Baadaye alihamia Monterey, mji wa pwani katika jimbo la California, na huko akajenga reli katika chumba cha chini ya nyumba yake.

Kila kitu kilikuwa kidogo mara 87 kuliko cha kweli: vichwa vya treni, mabehewa, madaraja, vijiji. Milima ilipanda toka sakafuni hadi karibu na dari. Reli hiyo aliiita Gorre & Daphetid. Ukilisoma jina hilo kwa sauti, kwa Kiingereza linasikika kama iliyojaa damu na iliyoshindwa. Allen alipenda mzaha.

Lakini kazi yenyewe haikuwa mzaha. Wakati huo, wengi waliokuwa na treni ndogo walizitazama tu zikizunguka. Allen alitaka kila treni iwe na sababu ya kuondoka. Rafiki zake walikuja na kugawana kazi: huyu dereva, yule mpangaji wa mabehewa, mwingine wa kuamua treni gani ipite kwanza. Kila behewa lilikuwa na mahali pa kufikishwa. Saa ya ukutani ilikimbia kuliko saa ya kweli, ili siku nzima ya reli ienee katika usiku mmoja. Mtu akichelewa, wenzake wote walikwama.

Alibuni pia mchezo uitwao Timesaver: reli fupi, mabehewa machache, na mshindi ni anayeyapanga kwa muda mfupi zaidi.

Mnamo Januari 1973, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 59. Siku chache tu baadaye, moto uliteketeza reli yake. Kazi ya miaka karibu 20 ikawa majivu.

Zilibaki picha alizopiga, pamoja na namna yake ya kuendesha. Hiyo haikuungua, kwa sababu rafiki zake walikuwa wamekwisha kujifunza. Leo, katika inchi nyingi, watu wangali wanakutana usiku, wanagawana kazi, na kuangalia saa inayokimbia.