Peyton Rous na Kuku wa Mkulima

Wasomaji wetu waliomwuguza ndugu mwenye saratani wajua swali lisemwalo kwa sauti ya chini kando ya kitanda: ugonjwa huu hutoka wapi? Sehemu ya jibu lake ilipatikana katika kuku, nayo ilidharauliwa miaka mingi.

Peyton Rous alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1879. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 11. Mama yake angaliweza kukimbilia kwa jamaa zake Texas. Lakini alibaki mjini na watoto wake watatu, wapate elimu njema. Sisi twamhesabu mjane huyo kuwa mwanzo wa habari yote. Kijana aliingia chuo cha udaktari cha Johns Hopkins. Siku moja, akichunguza maiti, alijikwaruza kidole kwa mfupa wenye kifua kikuu, akaambukizwa. Ikambidi aache masomo mwaka mzima, akaishi Texas penye wafuga ng'ombe.

Mwaka 1909 aliingia Rockefeller Institute, New York, akaletewa kuku jike mwenye uvimbe kifuani. Aliusaga uvimbe huo, akauchuja kwa chujio lenye vitundu vidogo hata chembe za mwili na bakteria visipite. Maji yaliyochujwa akawadunga kuku wazima, nao wakaota uvimbe ule ule. Basi kilichopita kilikuwa kidogo kuliko bakteria: ndicho tukiitacho leo virusi. Akatangaza habari hiyo mwaka 1911.

Wengi hawakusadiki. Hawa walisema si saratani halisi. Wale, kwamba kuku si mtu. Rous mwenyewe alitafuta kitu cha namna hiyo katika panya asikione, na mwaka 1915 akaacha. Tusimhesabie uvivu! Vita vilikuwa vimewaka Ulaya. Pamoja na J. R. Turner alivumbua njia ya kuhifadhi damu kwa majuma kadhaa kwa sitrati na sukari, na mwaka 1917 Oswald Robertson aliitumia Ufaransa kuwaokoa askari majeruhi.

Mwaka 1933 Richard Shope alionyesha virusi viotavyo vinyama katika ngozi ya sungura wa mwituni, akamwachia Rous aendelee. Naye akaona vinyama hivyo vyaweza kugeuka saratani. Baadaye zamu ikafika Uganda. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa mataya ya watoto. Anthony Epstein wa London, aliyekuwa akichunguza virusi vya Rous, alisikia hotuba yake mwaka 1961, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege. Na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza virusi walivyoviona humo.

Rous alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966, mzee wa miaka 87, akafariki mwaka 1970. Tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania huchanjwa nchi nzima wakingwe saratani ya mlango wa kizazi. Virusi viiletavyo ni jamaa moja na vile vya sungura.