Peter Tosh: Mwimbaji aliyeitetea bangi mbele ya Waziri Mkuu

Jumamosi tarehe 22 Aprili mwaka 1978, watu zaidi ya 30,000 walifurika katika Uwanja wa Taifa mjini Kingston, Jamaika, kuhudhuria tamasha lililoandaliwa kwa nia ya kuzima mapigano ya vijana wenye silaha waliokuwa wakiviunga mkono vyama viwili vikuu vya siasa nchini humo. Miongoni mwa wageni walikuwapo Waziri Mkuu Michael Manley na kiongozi wa upinzani Edward Seaga. Tamasha hilo hukumbukwa zaidi kwa sababu Bob Marley aliwaita mahasimu hao jukwaani na kuishikanisha mikono yao.

Kabla ya hapo, hata hivyo, alikuwa amepanda jukwaani mtu mwingine, mrefu wa kimo na mkali wa ulimi, ambaye hakuja kumpatanisha yeyote. Peter Tosh alisitisha muziki mara kwa mara, akawageukia wakubwa na kuwashutumu kwa kuendeleza utaratibu wa kikoloni unaomwacha maskini na njaa, kisha unamtia pingu kwa msokoto mmoja wa bangi. Akauwasha msokoto wake mbele ya Waziri Mkuu na mbele ya polisi waliokuwa kazini, akaendelea kusema. Usiku ule hakuna askari aliyemgusa.

Jina lake halisi lilikuwa Winston Hubert McIntosh. Alizaliwa mwezi Oktoba mwaka 1944 katika wilaya ya Westmoreland, magharibi mwa Jamaika. Wazazi wake hawakumlea. Alikua mikononi mwa jamaa wa kike wa familia, akapelekwa kanisani na kujifunza muziki huko. Alipokuwa kijana alihamia Kingston, katika mtaa wa kimaskini wa Trenchtown, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikutana na Bob Marley na Bunny Wailer. Watatu hao, chini ya mwalimu wao Joe Higgs, ndio waliounda kundi la The Wailers. Inafaa kukumbuka kwamba wakati huo Tosh ndiye aliyekuwa hodari wa gitaa kuliko wenzake, jambo ambalo umaarufu wa Marley umelifunika kwa miaka mingi.

Imani ya Rastafari ilimwingia katika miaka hiyo, hasa baada ya ziara ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia nchini Jamaika mwezi Aprili mwaka 1966. Kwa Marasta bangi si starehe. Ni mmea mtakatifu, huvutwa katika ibada na mazungumzo ya kiroho. Kwa serikali ulikuwa kosa la jinai. Bunny Wailer alifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu ya bangi mwishoni mwa miaka ya 1960. Tosh mwenyewe alikamatwa mwaka 1968, lakini kwa sababu nyingine: alikuwa katika maandamano ya kupinga utawala wa walowezi wachache wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Tosh alijitenga na The Wailers mwaka 1974, akiamini kwamba kampuni ya rekodi ilikuwa ikimkweza Marley na kuwaacha wenzake nyuma. Miaka miwili baadaye alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Legalize It, yaani ihalalisheni. Jalada lake lilimwonyesha akiwa amechutama katikati ya shamba la bangi. Redio za Jamaika zilipigwa marufuku kuupiga wimbo uliobeba jina la albamu hiyo. Uliuzika hata hivyo, na kuvuka bahari.

Sheria aliyoipinga Tosh ilikuwa na umri mkubwa kumzidi. Bangi haikuwa mmea wa asili wa Jamaika. Iliingizwa na vibarua kutoka India, ambao walianza kupelekwa kisiwani humo mwaka 1845 kufanya kazi mashambani baada ya utumwa kukomeshwa. Ndiyo maana Wajamaika huiita ganja, neno la Kihindi, kama ambavyo neno letu bangi nalo lina asili huko huko. Utawala wa Waingereza uliipiga marufuku mwaka 1913. Adhabu zikazidi kuwa kali kwa miongo iliyofuata, na waliozibeba walikuwa vibarua, wakulima wadogo na Marasta. Wenye nyumba za kifahari milimani, nao waliivuta, ila polisi hawakuwa na desturi ya kubisha hodi huko.

Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya hoja ya Tosh. Aliichukulia bangi kuwa suala la haki sawa, na si ajabu kwamba albamu yake iliyofuata, ya mwaka 1977, iliitwa Equal Rights na ilikuwa na wimbo wa kuulaani ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini.

Penye udhaifu napo pasifichwe. Tosh aliusifu mmea huo kana kwamba ni tiba ya kila maradhi. Baadhi ya aliyoyasema yalikuja kupata ushahidi: katika miaka ya 1980 wanasayansi wa Jamaika, Manley West na Albert Lockhart, walitengeneza kutokana na bangi dawa ya matone iitwayo Canasol kwa wagonjwa wa glakoma, yaani presha ya macho. Mengine yalikuwa imani tu. Wala hakuwa na la kuwaambia wazazi wenye hofu juu ya watoto wao, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwani madaktari wanaonya kwamba vijana wanaoanza mapema kuvuta bangi kali wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na maradhi ya akili. Tosh alikuwa mtu wa kushtaki, hakuwa mtunga sera.

Kipigo cha Septemba

Malipo ya hotuba ya Aprili yalikuja mwezi Septemba mwaka huo huo wa 1978. Polisi walimkamata Tosh katika eneo la Half Way Tree mjini Kingston akiwa na msokoto, wakampeleka kituoni na kumpiga kwa zaidi ya saa nzima. Mkono wake ulivunjika na kichwa chake kilishonwa nyuzi nyingi. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alinusurika kwa kujifanya amekufa. Serikali iliyokuwa madarakani ilijinadi kuwa mtetezi wa wanyonge, na bado mwananchi aliyesema hadharani kwamba sheria ni mbaya alivunjwa mkono ule ule aliopigia gitaa.

Hakunyamaza. Alifanya kazi na kampuni ya Rolling Stones, akaimba pamoja na Mick Jagger, akatoa albamu ya Mama Africa mwaka 1983, na mwaka huo huo akatumbuiza Swaziland, ambayo leo inaitwa Eswatini, jirani kabisa na makaburu aliokuwa akiwashutumu. Usiku wa tarehe 11 Septemba mwaka 1987 watu watatu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Kingston wakidai fedha. Mmoja wao alikuwa mtu aliyewahi kusaidiwa na Tosh baada ya kutoka gerezani. Tosh alipigwa risasi na kufa akiwa na umri wa miaka 42. Wageni wake wawili, mmoja wao mtangazaji wa redio Jeff Dixon, waliuawa pia. Mwaka uliofuata albamu yake ya mwisho, No Nuclear War, ilipata tuzo ya Grammy.

Jamaika ilichukua muda mrefu kumwelekea. Mwaka 2001 tume ya taifa iliyoongozwa na Profesa Barry Chevannes ilipendekeza kwamba matumizi binafsi ya bangi yasiwe jinai tena. Pendekezo hilo lilikaa kwenye makabati. Mwaka 2012 serikali ilimtunukia Tosh nishani ya Order of Merit, ilhali kitendo alichokitetea kilikuwa bado kinawapeleka watu mahabusu. Ni mwaka 2015 ndipo sheria ilipobadilishwa: anayekutwa na gramu zisizozidi 57 hakamatwi, bali hutozwa faini ya dola 500 za Jamaika, kila nyumba inaruhusiwa miche mitano, na Marasta wanaruhusiwa kuitumia katika ibada. Biashara yenye leseni nayo ilifunguliwa, na wakulima wadogo walioilima bangi kwa siri kwa vizazi wakalalamika kwamba gharama za leseni zinawapa nafasi wenye mitaji.

Afrika Mashariki mjadala huo haujafika huko. Mwaka 2021 Marasta wa Kenya walifungua shauri Mahakama Kuu wakidai haki ya kuitumia bangi katika ibada, na katika uchaguzi wa mwaka 2022 George Wajackoyah aligombea urais kwa ahadi ya kuihalalisha, akapata chini ya asilimia moja ya kura.

Mwana wa Tosh, Jawara McIntosh, mwanamuziki aliyefuata nyayo za baba yake katika kuitetea bangi, alikamatwa mwaka 2013 katika jimbo la New Jersey nchini Marekani akiwa na bangi ndani ya gari. Mwaka 2017, akitumikia kifungo, alipigwa na mfungwa mwenzake hadi ubongo ukaharibika, na hakupona tena. Alifariki dunia mwezi Julai mwaka 2020. Mwezi Novemba mwaka huo huo, wapiga kura wa New Jersey waliamua kwa wingi mkubwa kwamba bangi ihalalishwe kwa watu wazima.