Lumumba: kutoka karani wa Kindu hadi muuza bia wa Leopoldville

Kabla ya kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Patrice Emery Lumumba alibadilisha kazi zaidi ya mara moja.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Onalua, Sankuru. Akiwa kijana alifika Kindu, katika Maniema, akapata kazi ya karani kwenye kampuni ya madini. Kutoka hapo akaenda Stanleyville, Kisangani ya leo, akaingia posta.

Posta ilimpa mshahara na heshima kwa miaka kama kumi. Mwaka 1956 alikamatwa kwa kosa la kula pesa za posta, akafungwa. Alipotoka mwaka 1957 alikuwa na miaka 32, ana mke na watoto, na kazi ya serikali imekwisha.

Akahamia Leopoldville, leo Kinshasa, akaanza kuuza bia ya Polar ya kiwanda cha Bracongo. Posta alikuwa mtu wa meza na karatasi. Sasa ilibidi azunguke mitaa na baa, azungumze na watu wa kila kabila. Alijua Kitetela, Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, na watu wakamzoea haraka.

Oktoba 1958 alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha MNC, kilichotafuta wafuasi Kongo nzima. Juni 1960 akawa waziri mkuu. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, miaka mitatu na miezi michache tu baada ya kutoka gerezani.