Profesa Ralph Bunche, Yatima Aliyelelewa na Bibi

Mwezi huu twapenda kuwakumbusha habari za Profesa Ralph Bunche, Mmarekani mweusi aliyefariki New York tarehe 9 Desemba 1971. Wengi wamjua kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka 1950, baada ya kupatanisha Israeli na majirani zake Waarabu wasimamishe vita. Lakini kabla ya hayo alikuwa mwalimu.

Alizaliwa Detroit mwaka 1903. Mama yake alifariki mwaka 1917, naye akalelewa Los Angeles na bibi yake, Lucy Johnson. Shuleni walipompanga katika masomo ya kazi za mikono, bibi huyo alikwenda mwenyewe kudai afundishwe masomo ya kumfikisha chuo kikuu. Mwaka 1927 kijana alihitimu Chuo Kikuu cha California mjini humo akiwa wa kwanza, huku akifanya kazi ya usafi ili ajikimu. Alipopata nafasi Harvard, akina mama weusi wa mji ule walimchangia dola 1,000.

Mwaka 1928 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo cha watu weusi. Huko alianzisha idara ya sayansi ya siasa na kuiongoza. Mwaka 1934 Harvard ilimpa shahada ya udaktari, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata katika somo hilo. Alikuwa amechunguza utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey, ambayo sasa ni Benin. Baadaye, akiwa London, alifundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta, na mwaka 1938 alifika Kenya.

Mwaka 1949 Rais Truman alitaka kumpa cheo kikubwa katika wizara ya mambo ya nje. Alikataa, kwa kuwa Washington watoto weusi walitengwa na weupe. Harvard nayo ilimteua kuwa profesa mwaka 1950, lakini kazi ya Umoja wa Mataifa ilimshika, akajiuzulu mwaka 1952 kabla ya kufundisha hata kipindi kimoja.

Ndugu, katika mitaa yetu wamo yatima wanaolelewa na bibi zao. Tusiwahesabu mapema kuwa wafaa jembe tu, wala tusiwaachie bibi mzigo wa ada peke yao. Mungu atujalie moyo wa kuwachangia. Amina.