Selous: mwindaji aliyeanza na gobori akamalizia na raifo

Katikati ya Machi 1916, masika yakikaribia, safu ya jeshi la Uingereza iliyotoka Longido na kuzunguka Kilimanjaro kwa upande wa magharibi iliingia Moshi, mji uliokuwa mwisho wa reli ya Wajerumani kutoka Tanga. Ndani ya safu hiyo kilikuwamo Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, na mmoja wa maofisa wake alikuwa mzee wa miaka 64, Kapteni Frederick Courteney Selous. Siku chache baadaye mapigano yalihamia Kahe, kwenye tambarare ya kusini mwa mji.

Jina la Selous wasikilizaji wetu wanalijua kwa sababu ya pori la akiba la kusini mwa Tanzania. Maisha yake yenyewe hayajulikani sana, na sisi tumeona njia fupi ya kuyaeleza ni kufuata bunduki alizozishika. Kila alipobadili bunduki, alibadilika na yeye.

Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851, akasoma shule ya Rugby, na tangu utotoni alikuwa mtu wa viota na mayai ya ndege. Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alishuka Afrika Kusini na pauni 400 mfukoni. Safari ilianza vibaya: raifo nzuri aliyokuja nayo iliibiwa. Ndipo akanunua bunduki mbili za bei nafuu zilizotengenezwa na Isaac Hollis wa Birmingham. Zilikuwa bunduki za kuwindia bata, zenye mtutu mpana na laini ndani, za kushindilia baruti kwa mbele. Kwa lugha yetu, hayo ni magobori, tofauti ni kwamba yalikuwa makubwa kupita kiasi. Badala ya marisau, Selous aliyatia risasi moja ya mviringo yenye uzito wa zaidi ya gramu 100.

Hapa tusimame kidogo, maana tofauti hii ndiyo kiini cha kisa chetu. Mtutu laini unafaa kwa marisau. Chembe hutoka pamoja, hutawanyika, na mpigaji hupata kanga au kwale hata akikosea kidogo, ilimradi ndege awe ndani ya mita 40 hivi. Zaidi ya hapo, chembe zinaishiwa nguvu. Raifo ina mifereji iliyozungushwa ndani ya mtutu. Risasi hutoka ikijizungusha, haiyumbi, na huua kwa mamia ya mita. Lakini ikimkosa mnyama haikomi: huruka kilomita nzima na zaidi, na kule iendako huenda kuna mchungaji au nyumba ya mtu. Huko Marekani wawindaji wa bata mzinga mwitu hubishana hadi leo juu ya jambo hilo hilo, na majimbo yao hayana sheria moja: baadhi huruhusu raifo, mengine hutaka marisau tu. Mtu anayejua vihamba vya Uchaggani vilivyosongamana, nyumba baada ya nyumba, hahitaji kuelezwa kwa nini raifo haifai kwa kanga.

Turudi kwa Selous. Alikwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimcheka kwa udogo wake, kisha akamruhusu. Mwalimu wake porini alikuwa Cigar, mwindaji wa Kikhoikhoi aliyewahi kuwa mpanda farasi wa mashindano. Kwa kuwa mbung'o waliua farasi, waliwinda kwa miguu. Baruti ilikaa kwenye mfuko wa ngozi kiunoni, nayo ilichotwa kwa mkono na kumiminwa mtutuni huku mwindaji akikimbia. Kwa gobori la namna hiyo ilimbidi amfikie tembo karibu sana. Kati ya 1872 na 1874 aliua tembo 78.

Bunduki hiyo nusura immalize. Siku moja ilikataa kulia, na mbeba bunduki wake, pasipo kujua, akaishindilia mara ya pili juu ya shehena ya kwanza. Selous alipofyatua, alirushwa chini, bunduki ikaruka nyuma yake, na shavu lake likapasuka hadi mfupa. Kishindo cha miaka ile kilimwachia woga wa mikono ambao, kwa maneno yake ya baadaye, ulimharibia shabaha maisha yake yote.

Akayaacha magobori. Akachukua raifo ya risasi moja ya George Gibbs wa Bristol, nyepesi na sahihi, na kwa hiyo ndiyo akajulikana dunia nzima. Kitabu chake cha 1881 kuhusu miaka ya kuwinda kilisomwa mno Uingereza. Lakini hatuwezi kuishia kwenye sifa. Njia alizozijua kwa kuwinda ndizo alizowaonyesha watu wa Cecil Rhodes mwaka 1890, alipoongoza msafara wao kuingia Mashonaland. Wenyeji waliomfundisha pori walipoteza ardhi nyuma yake.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro nako bunduki zilikuwa na historia yake. Gobori lilifika na misafara ya pwani iliyofuata pembe, na Mangi Rindi wa Moshi, aliyefariki 1891, alijua thamani yake kama mtawala yeyote wa wakati ule. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa sheria ya uwindaji ya koloni zima: leseni za kulipia, na hifadhi mbili za kwanza, moja magharibi ya Kilimanjaro na nyingine upande wa Rufiji. Mzungu mwenye raifo na leseni akawa mwindaji. Mwenyeji mwenye gobori, asiye na fedha ya leseni, akawa jangili. Tunadhani neno hilo halijapoa masikioni mwa wengi.

Mwaka 1909 Selous alimsaidia Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka urais wa Marekani, kupanga safari yake ya Afrika Mashariki, na wakasafiri meli moja hadi Mombasa. Roosevelt alibeba raifo kadhaa na bunduki moja ya marisau ya Fox.

Vita vilipoanza 1914, Selous alikataliwa jeshini kwa umri. Alisisitiza, na Mei 1915 akashuka Mombasa na kikosi chake. Juni wakapigana Bukoba. Penye nafasi alikamata vipepeo kwa wavu, kama mwanafunzi. Upande wa pili, askari wengi wa Lettow-Vorbeck walianza vita na bunduki za muundo wa 1871, ambazo moshi wake ulimwonyesha adui mahali pa mpigaji. Mwaka 1915 na 1916 meli mbili, Rubens na Marie, zikapenya na silaha za kisasa. Baada ya hapo mtu aliweza kupiga kwa mbali na asionekane.

Katikati ya 1916 Selous alirudishwa Uingereza kwa upasuaji. Alipewa nishani ya DSO, na kabla mwaka haujaisha akawa amerejea, safari hii Rufiji. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, alipigwa risasi na mpigaji aliyejificha, akafa papo hapo. Alizikwa karibu na hapo, chini ya mkwaju. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ile ile, mwanawe Freddie, rubani wa kivita, aliuawa Ulaya.

Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori hilo jina lake, na mwaka 1982 UNESCO ikaliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ilitengwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji hauruhusiwi kwa bunduki ya aina yoyote. Beho Beho, pamoja na kaburi, iko upande huo.